Benchi la Waliotengwa

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghala ya Downsview, pembezoni mwa jiji, Zephania aliposhuka kwenye basi la ziara, hotpoti ya chapati kwapani. Shida yake ilikuwa njaa tu. Shemeji yake Cyprian alikuwa ameongea njia nzima, chakula cha mchana kikapita bila kuguswa, na sasa walikuwa kituo cha mwisho. Oktoba ya mwaka 2011. Baridi ilishaanza kuuma masikio.

Tiketi ya ziara alinunuliwa na binti yake, Wema, mwenye miaka kumi na sita. Alimwekea mezani akamwambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba amechoka kumwona baba akitoka kazini na kuketi gizani. Ilikuwa kweli. Tangu Februari, mkewe Asumpta alipofariki, Zephania alikuwa na safari mbili tu: kwenda ofisini Don Mills, alikochora ramani za mabomba ya maji, na kurudi kwenye ghorofa lao Flemingdon Park.

Ziara ilifuata nyayo za watu waliojitenga na kanisa lao Ujerumani, miaka mia mbili iliyopita, wakahamia Amerika. Huko wakatengana tena. Kundi moja likapanda magari ya farasi likaja mpaka hapa, likajenga nyumba ya ibada ya mbao, ambayo sasa ilikuwa imebanwa na maghala kila upande. Mama mzee aliyewaongoza, Verena, alikuwa mzao wao.

"Shemeji," Cyprian alinong'ona, "hawa walivuka bahari kwa sababu ya imani au kwa sababu ya ugomvi?"

"Vyote viwili."

"Basi wangejiunga na kikundi chetu cha maombi. Wangejisikia nyumbani kabisa."

Zephania hakucheka. Kikundi hicho ndicho kilichomwambia Asumpta aache dawa za hospitali aonyeshe imani. Alipokataa, walimtenga. Hawakupiga kelele. Waliacha kuja, basi. Waliacha kula kwake. Mwishoni hata kikombe cha chai alichokishika walikiogopa, kana kwamba saratani ni mkosi unaoambukiza. Msibani walituma ujumbe wa simu.

Verena alisimama kando ya mlango, penye benchi la mbao lililopigiliwa misumari kwenye ukuta wa nje.

"Hapa walikaa waliotengwa," alisema. "Hawakufukuzwa. Waliruhusiwa kuja na kusikiliza. Ila hakuna aliyekula nao wala kupokea kitu mikononi mwao, mpaka watubu."

"Na asiyetubu?" Zephania aliuliza.

Mama mzee alilitazama benchi. "Alikuwepo mmoja. Kila mlo wa pamoja alikuja akasimama mlangoni, akingoja neno moja tu la kumwita mezani. Hakuambiwa mpaka akafa." Alifunga vifungo vya koti lake. "Jina lake bibi yangu alitukataza kulitaja. Twendeni makaburini kabla ya giza. Na tafadhali, hapo watu huwa hawakai."

Wote wakamfuata. Zephania akabaki.

Akakaa palepale. Kwa makusudi. Kama kuna benchi lililomfaa mke wake hapa duniani, lilikuwa hilo, naye angelikalia kwa niaba yake. Akafungua hotpoti. Akakata chapati.

Ndipo aliposikia harufu.

Sufu iliyolowa. Majivu baridi...

Mwanamke alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. Gauni la kijivu mpaka chini, kofia ya kitambaa iliyofungwa kidevuni. Zephania aliona mavazi akajua: mwigizaji. Sehemu hizi za historia huwa wanawalipa watu wavae kizamani. Mwanamke hakumtazama usoni. Alitazama chapati.

Na Zephania, aliyelelewa na mama ambaye hangetia tonge mdomoni mbele ya mtu bila kumwita, akafanya kama alivyofanya maisha yake yote. Akainua hotpoti kidogo.

"Karibu chakula."

Kwetu neno hilo lina jibu lake. Mtu anasema asante, nimeshiba, hata kama tumbo linaunguruma, kisha anakaa au anapita zake, na heshima imetimia. Anayeita na anayeitwa wote wanajua mpaka uko wapi.

Huyu hakujua.

Alinyoosha mkono akamega. Vidole vyake viligusa vya Zephania, vya baridi kama chuma kilicholala nje. Alitafuna polepole, macho ameyafumba, na machozi yakamtoka.

Kisha hakuwepo.

Ndani ya basi Zephania alimuuliza Verena yule mwigizaji analipwa na nani.

"Hatuna waigizaji," Verena alisema. Akamtazama. Akaitazama hotpoti. "Ulikaa pale."

"Nilikaa."

"Ulimpa chakula?"

Zephania akafunika hotpoti. Mama mzee akageukia dirishani, na njia nzima hakueleza historia nyingine.

"Shemeji, umemfanya nini bibi wa watu?" Cyprian alinong'ona. "Umemtongoza?"

Alipofungua mlango wa nyumbani, taa zote zilikuwa zinawaka. Wema alikuwa jikoni, anaimba. Mezani kulikuwa na sahani tatu.

"Mjomba wako hapandi leo," Zephania alisema. "Amechoka."

"Najua, Baba."

Alijibu kwa Kiswahili. Wema, ambaye tangu chekechea alisikia kila neno la Kiswahili na kulijibu kwa Kiingereza.

"Sasa hii ya tatu ya nani?"

"Ya Mama. Anakuja, ananawa mikono."

Bafuni, maji yalikuwa yanatiririka.

Yakakatika.

Harufu ilitangulia. Sufu iliyolowa, majivu baridi. Kisha gauni la kijivu likapita mlangoni bila sauti, likaketi kwenye kiti cha Asumpta, na Zephania akashika ukingo wa meza asianguke. Uso ule hakuweza kuuona vizuri. Kila alipoukazia macho, ulikuwa unakaribia kuwa uso anaoujua. Haukufika. Lakini ulikuwa unakaribia.

Wema alicheka. Zephania hakukumbuka mara ya mwisho kusikia kicheko hicho, na ndicho kilichomfunga mdomo. Jioni ile, na jioni zilizofuata.

Kila siku kulipoingia giza, mgeni alikaa mezani. Kila siku uso ulisogea kidogo: leo nyusi, kesho ule mwanya wa meno. Wema alisukuma sahani yake kwenye kiti kile, akakaa anatazama, anatabasamu. Chakula hakikupungua. Ila Zephania alipoonja kilichobaki, kilikuwa hakina chumvi, hakina mafuta, hakina kitu. Kama kutafuna karatasi. Na Wema hakula kingine. Mikono ya sweta ilianza kumpwaya. Shuleni walipiga simu, wakauliza kama mtoto anaumwa.

"Wema, mwanangu, kula."

"Nimeshiba, Baba. Mama akila, mimi nashiba."

Zephania alimpigia Verena simu akiwa ofisini, mlango ameufunga.

"Mlimwondoaje?"

"Hatukumwondoa," sauti ya mama mzee ilikuwa ndogo sana. "Baada ya kufa aliendelea kuja. Watu wangu walikula kana kwamba hayupo. Hawakumjibu. Hawakumtazama. Kila siku, baba kwa mwana, mpaka nyumba ya ibada ikafungwa. Hatujui njia nyingine."

"Aliwatendea nini?"



"Sidhani kama aliwatendea chochote," Verena alisema, akakata simu.

Jioni hiyo Zephania alipika mwenyewe. Wali, maharage, mchicha. Akaweka sahani mbili. Akageuza kiti chake, sahani mapajani, akakipa mgongo kiti cha Asumpta. Wema alimtazama kama mtu anayemwona baba yake anavua nguo barabarani.

"Baba, mbona unakaa hivyo?"

"Kula, Wema."

Harufu ikaingia. Kiti cha nyuma yake kikalia kidogo, kama kinavyolia mtu anapokaa. Zephania akachukua kijiko. Punje zikadondoka.

"Baba Wema..."

Ilikuwa sauti ya Asumpta. Si kama ya Asumpta. Yake hasa, na ule ukavu wa koo alioupata miezi ya mwisho.

Akatia wali mdomoni. Akatafuna.

"Baba Wema, hunikaribishi?"

Akatafuna.

"Baba, mjibu!" Wema alikuwa analia. "Ni Mama! Mwambie karibu, neno moja tu, kwani utapungukiwa nini?"

Zephania alitazama ukuta. Aliwakumbuka wale wa kikundi cha maombi, jinsi walivyopita kwenye korido ya hospitali macho yakiwa sakafuni, na akajua sasa macho yake yanafanana na yao. Akameza. Akachukua kijiko kingine.

Pumzi baridi ikamgusa sikio.

"Uliniapia," sauti ilinong'ona. "Siku ile ya mirija. Ulisema wote wakinitenga, wewe hutanitenga."

Kijiko kikasimama hewani.

Siku ile chumbani hakukuwa na mtu wa tatu. Muuguzi alikuwa ametoka. Wema alikuwa shule. Hakumwambia Cyprian, hakumwambia mchungaji, hakumwambia mtu. Mgeni aliyezikwa nyuma ya maghala angeyajulia wapi maneno hayo?

Kwa pembe ya jicho aliiona mikono ya Wema juu ya meza. Ngozi na mifupa.

Zephania akala.

Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Nyuma yake alisikia mtu anameza mate. Kisha kiti kikalia, na hatua zikaenda mbali, taratibu, hatua za mtu mgonjwa. Zikaishia mlangoni. Hazikutoka nje.

Kisha Wema akavuta sahani yake. Aliutazama wali kana kwamba ndio kwanza anauona, akajifuta pua kwa mkono wa sweta, akachukua kijiko.

Ila kabla ya kula alisimama, akageuza kiti chake. Akampa baba yake mgongo. Ndipo akala, haraka, mpaka punje ya mwisho, bila neno, si la Kiingereza wala la Kiswahili.

Mpaka leo wanakula hivyo. Wema alinenepa, akafaulu masomo, shuleni wakamsifu. Migongo miwili inatazamana mezani, na mlangoni, kila jioni, kuna mtu amesimama, anangoja.

Zephania hajawahi kugeuka kumwona ni nani.