Shujaa Aliyekwama Topeni

Ndu! Kimya. Ndu-ndu! Kimya tena.

Mlio ulitoka ndani ya ukungu, nyuma yao, na wapiganaji mia tatu wa Isengwa waliokuwa wakikimbia ovyo walisimama ghafla. Hakuna aliyeona kitu. Mmoja akauliza huku akihema, "Jamani, nani amembeba Bibi?"

Bibi alikuwa bado kule walikotoka.

Zilikuwa zama za misafara ya pembe za ndovu, watemi wa nyanda za magharibi walipouana kwa ajili ya njia ya kwenda pwani. Katika nchi ya Isengwa, Bibi ilikuwa ngoma kuu ya vita, iliyowambwa kwa ngozi ya fahali mweusi, na sheria yake ilikuwa kongwe kuliko Mtemi mwenyewe: atakayefika nyumbani kabla ya Bibi, moto wa nyumba yake utazimwa, mafiga yake yatang'olewa, na asiwepo jirani wa kumpa kaa. Sheria ya pili ilikuwa fupi zaidi. Maiti mwenye jeraha la mgongoni ni mwoga, na moto wa mama yake huzimwa vilevile.

Basi wale mia tatu wakageuka. Hawakugeuka kwa ushujaa. Waligeuka kwa kuwaogopa wake zao na ugali mbichi. Walirudi mbio huku wengine wakilia kwa sauti, na watu wa Usunga, ambao baruti ya magobori yao ilikuwa imelowa kwa umande, walipoona jeshi zima likiwajia kwa machozi, walisema hawa wamerukwa na akili, wakatupa ngao wakaenda zao.

Ukungu ulipopanda, Isengwa walimkuta Mihambo.

Mihambo hakuwa mpiganaji. Alikuwa fundi wa kuwamba ngoma, mfupi, mwenye matege na kifua kibovu. Mbebaji wa Bibi alikuwa ameumwa tumbo asubuhi ile, na desturi ikasema aliyeiwamba aibebe. Sasa alikuwa amezama hadi kiunoni katika tope jeusi la mbuga, Bibi yuko mgongoni, kamba za ngozi zimemkaza kifuani. Mbele yake alikuwa amelala Lushinge, jirani yake, amekufa, mkuki umesimama mgongoni.

"Tazameni!" alipaza sauti Gindu, manju wa Mtemi, mtunga nyimbo zake, aliyekuwa wa kwanza kukimbia na sasa wa kwanza kusema. "Wote tuliondoka, yeye akajipanda ardhini kama mti!"

Mihambo alitaka kusema neno, akakohoa. Walimng'oa, wakambeba juu juu, na kabla tope halijamkauka miguuni, wimbo ulikuwa tayari:

*Mihambo mzizi chuma, uliogoma kung'oka,*
*Vita vilirudi nyuma, yeye hakutikisika,*
*Alisimama na ngoma, mbingu zikatetemeka,*
*Adui walipokoma, jina lake likawaka.*

Ni wimbo mzuri. Hilo lazima likubaliwe. Uongo uliopangwa vizuri huishi kuliko kweli iliyosemwa kwa kukohoa.

Alivishwa manyoya ya shingo ya simba yaliyomfunika macho. Alipewa shuka mbili za merikani na kiti mkono wa kuume wa Mtemi. Mwezi wa kwanza alifurahi, tusimsingizie utakatifu. Mwezi wa pili alianza kuchoka. Kila msafara uliopita ulitaka kumwona. Wapagazi walimminya mapaja wakitafuta mizizi, na wachumba walioletewa habari zake walimtazama matege yake, wakatazamana. Miaka mitatu ikapita hivyo. Na kwa miaka hiyo mitatu, kila alipotoka langoni mwa boma, alipitia njia ndefu ili asikione kibanda kimoja kisichotoa moshi.

Kisha habari zikaja kwamba Usunga wanarudi, safari hii na baruti kavu.

"Hakuna shida," alisema Mtemi Malundi, akitafuna karanga. "Tutampanda Mihambo palepale."

"Mtemi, palepale wapi?"

"Mbugani. Tumekwisha kuchimba shimo. Tope lake zuri."

Siku hiyo Mihambo hakupitia njia ndefu. Alimkuta Mama Kalekwa, mama yake Lushinge, ameketi mlangoni mwa kile kibanda nje ya boma, ameloweka michembe katika kibuyu cha maji. Ndicho chakula chake tangu moto wake uzimwe: viazi vilivyokaushwa juani, vikalowekwa, vikatafunwa baridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mzizi chuma. Umepotea njia?"

Mihambo alivua yale manyoya ya simba, akakaa chini. "Mama, sikusimama. Nilikwama. Mafundo ya zile kamba niliyafunga mwenyewe, ngozi mbichi, zikakauka zikanikaza. Nilimpiga Bibi kwa viwiko nikiomba msaada."

Mama Kalekwa aliendelea kutafuna.

"Aliyenisikia kwanza ni Lushinge. Alikuja peke yake. Aliweka mkuki chini, akaweka ngao chini, akanishika mikono yote miwili anivute. Huwezi kumvuta mtu topeni huku umewaelekea adui, mama. Aliwapa mgongo kwa ajili yangu. Nilimwambia geuka, wanakuja. Akasema, 'Nyamaza wewe, vuta pumzi uwe mwepesi.'"

Mama Kalekwa aliacha kutafuna.

"Alisema hivyo? Ndivyo alivyokuwa, mtani hata kwenye msiba," alisema. Kisha sauti ikabadilika. "Miaka mitatu, Mihambo. Mimi natafuna michembe, wewe unatafuna jina la mwanangu. Nimeamka kila siku nikijiuliza nilimnyonyesha nini hata akawa mwoga. Nenda. Ukaseme huko walikouzima moto wangu, siyo hapa."

Alikwenda. Alisema mbele ya Mtemi na wazee wote, neno kwa neno, bila kukohoa. Mtemi akapiga makofi.

"Mnaona? Hata sifa anawagawia wafu! Gindu, tia na hilo."

"Mtemi, ni kweli ninayosema!"

"Ndiyo, ndiyo. Shujaa wa kweli hujishusha."

Mihambo alimfuata Gindu nje, akamshika nguo. "Manju, wewe ulimwona Lushinge. Mtie katika wimbo."

"Mizani imejaa, ndugu yangu. Nikimtia mtu mwingine, mstari unavunjika."

"Lushinge ana mizani tatu, Mihambo ana mizani tatu. Nimehesabu. Nitoe mimi, umtie yeye."

Gindu alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Akashusha sauti. "Sikiliza. Wapagazi wameshaufikisha pwani wimbo ule. Na Lushinge hawezi kusimama mbele ya jeshi kesho. Wewe unaweza. Watu wanataka mtu wa kumtazama ili wasijitazame wenyewe."

"Ngoma ivumayo haikawii kupasuka, Gindu. Na mimi ndiye fundi."

"Basi subiri ipasuke," alisema Gindu, akaondoka akijaribu ubeti mpya mdomoni. Ulihusu unyenyekevu.

Asubuhi ya vita jeshi lilipangwa mbele ya lango. Desturi ilikuwa kwamba fundi huchukua makaa kutoka moto wa Mtemi, ambao haukuwahi kuzimika, akaipasha ngozi ya Bibi mbele ya watu mpaka ikakaza na kulia. Bila hivyo ngoma hulegea kwa umande, na ngoma isiyolia haiongozi mtu vitani. Mihambo alipokea makaa ndani ya kigae. Alitembea kwa matege yake mpaka alipo Bibi. Akampita.

"Fundi!" aliita Mtemi. "Ngoma hii hapa!"

Hakugeuka. Alitoka langoni, na mia tatu walielewa anakokwenda kabla hajafika, kwa kuwa upande ule kulikuwa na kibanda kimoja tu. Ampaye kaa mtu aliyezimiwa moto, naye amezimiwa. Sheria hiyo haikuhitaji manju. Mtemi akapiga kelele, "Rudi! Ukimpa, lango hili hutalipita tena maishani!" Kile kiti cha shujaa ambacho kweli haikuweza kukivunja barazani, kigae kimoja kilikivunja.

Wapelelezi wa Usunga waliokuwa vichakani walimwona pia. Walikwenda mbio kwa mtemi wao kusema kwamba Mzizi Chuma ametoka peke yake, hana mkuki, amebeba moto mkononi anakuja kuichoma nchi. Adhuhuri Usunga walikuwa wameshavunja kambi. Wimbo ukaongezwa ubeti, na ubeti huo unaimbwa hata leo mavunoni, na ndani yake hakuna kigae, wala kibanda, wala Lushinge.

Mihambo alipanga mafiga matatu, akaweka makaa na vijiti, akapuliza kwa kifua chake kibovu mpaka macho yakamtoka machozi. Nyuma yake alisikia lango la boma likifungwa kwa gogo. Moshi ukapanda. Mama Kalekwa alisogeza viganja vyake taratibu, kama mtu aliyesahau jinsi moto unavyootwa.

"Sasa huna kwenu," alisema.

"Sina."

"Na kesho kutwa wataimba vilevile."

"Wataimba, mama. Lakini mvua zitakuja, mioto itawazimikia walio bomani na wapita njia, na huu utakuwa wa karibu. Watakuja kwa siri na vigae vyao. Nakuahidi, maadamu nina pumzi hautazimika, na hakuna mtu, awe mpagazi au mtemi, atakayepewa kaa hapa kabla hajakaa chini nikamtajia Lushinge, na kwa nini aliwapa adui mgongo."