Beberu wa Namoruputh

Hii haikumpata mtu wa mbali. Ilimpata mjomba wangu Lokeno, hapa hapa Kakuma, miaka ile kambi ya wakimbizi ikiwa bado changa. Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Mjomba alirudi kutoka Namoruputh na beberu mweupe, zawadi ya rafiki yake wa damu. Beberu alikuwa anakohoa kidogo.

"Mfunge kando kwanza," mkewe Christine akamwambia.

"Zawadi ya rafiki nimfunge kando kama mbwa? Wee!" Akamwingiza bomani na mbuzi wake wengine.

Haikupita muda mbuzi wakaanza kukohoa. Homa, makamasi, pumzi za shida. Walisimama miguu wameitanua, shingo mbele, kisha chini. Tukipasua mzoga, pafu limegandana na mbavu. Watu wakanong'ona: jicho baya hilo. La nani? La Akuwam, mjane jirani asiye na ndugu, mwenye kikohozi chake kikavu cha uzee. Kosa lake? Aliwahi kusema mbuzi wa Lokeno wamenona. Jamani, binadamu! Wakamfukuza kwa fimbo, jua la utosi. Mjomba alijua ni beberu wake. Akanyamaza.

Daktari wa mifugo akaja kutoka Lodwar. Akasema hakuna uchawi, ni homa ya mapafu: mbuzi mgonjwa huwaambukiza wazima, na kinga ni chanjo na kumtenga mgeni.

"Mzee, uliingiza mbuzi mgeni?"

"Hapana," mjomba akajibu. Angesema nini, na mama wa watu ameshafukuzwa?

Wagonjwa wakadungwa dawa, wazima wakachanjwa. Waliobaki wakapona, tukashukuru Mungu.

Ndipo adhuhuri moja, mbuzi wote wakiwa malishoni, tukasikia kikohozi bomani. Kikavu. Cha mtu. Christine akachungulia. Boma tupu. Kesho yake tena. Mjomba akaacha kula.

"Ni yeye," akaninong'oneza. "Nimemwonea."

"Basi sema, mjomba!"

Akasema, mbele ya wazee, akilia. Vijana wakatoka mbio kumtafuta Akuwam. Walimkuta kwenye mchanga wa mto Tarach, amekauka. Alikufa zamani, pengine siku ile ile aliyofukuzwa. Tukamzika palepale, kwa aibu, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wazee wakaamua fidia: mbuzi. Lakini apewe nani? Akuwam hakuwa na mtu. Wakasema basi, yaishe. Mjomba akaenda kulala, mbuzi wake wote wakiwa bado bomani. Mimi nilimwona uso. Haukuwa wa mtu aliyesamehewa.

Asubuhi lango la miiba lilikuwa limefungwa vilevile. Ndani, hata mbuzi mmoja hakuna. Nyayo za kwato zilianzia nje ya lango, zikashuka mtoni, zikafika kaburini. Tukazunguka kaburi lote. Hakuna ukwato uliotoka.

Vijana wakataka kuchimba. Mjomba akapiga magoti mchangani, akawazuia.

"Waacheni," akasema. "Na bado sijamlipa."