Waliniita Kufuli, Kumbe Nilikuwa Mgonjwa

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mpanga waridi katika shamba moja la maua hapa Naivasha. Nilikaa miaka mitatu katika ndoa ya kanisani, ya shela na keki, na nikatoka nikiwa bado bikira. Cheka ukitaka. Wengi wamecheka kabla yako, na wengine waliila hiyo keki.

Mume wangu, Gitau, alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba kwenye mitambo ya mvuke. Nilimpenda... wacha tu! Tulipanga nyumba mtaa wa Kihoto, kando ya ziwa, na maji yalipofurika tulipandisha godoro juu ya meza huku tukicheka. Hatukukosana kwa lolote ila moja.

Usiku wa harusi mwili wangu ulijifunga. Siyo kwamba sikutaka. Nilimtaka! Lakini alipokaribia tu, mapaja yalikakamaa, pumzi ikanikatika, na uchungu ukanipata hata nikapiga mayowe. Tukasema ni uchovu wa sherehe. Kesho yake ikawa vile vile, na mwezi uliofuata pia. Gitau hakunilazimisha hata siku moja. Alikuwa akiniambia, "Pole pole, mami, hakuna mtu anatukimbiza." Kisha akasema twende hospitali.

Kanisani kwetu, watu wakioana hupewa mume na mke wa kuwasimamia. Siku ya harusi husimama kando yenu madhabahuni, na baadaye huwa wazazi wa ndoa yenu. Tulikuwa tumeahidi kwamba tatizo lolote la nyumbani tutalipeleka kwao kabla ya kumwendea mtu mwingine. Kwa hivyo nikamwambia Gitau tumwone kwanza Mama Shiru, msimamizi wangu. Ahadi ni ahadi, sivyo? Natamani ningeuma ulimi siku hiyo.

Mama Shiru alitusikiliza macho yamefumbwa... tena kwa utamu, naona sasa. Akasema, "Hii si mambo ya daktari, mami. Mwili ya bibi haiwezi kukataa bwana bure bure. Kuna mtu amefunga hiyo mlango." Akaniuliza nani kwetu Ndabibi alikuwa mganga. Marehemu nyanya yangu alikuwa mkunga, basi lawama zote akatwikwa yeye. Akaniagiza nifunge na kuomba, nikafunga hadi nikaanguka kazini katikati ya ndoo za waridi. Mwili haukufunguka. Ungefunguka vipi, na kila siku hofu inaongezwa juu ya hofu?

Jumapili moja niliitwa mbele ya kanisa bila kuambiwa sababu. Akina mama wakanizunguka, wakaniwekea mikono tumboni, na Mama Shiru akashika kipaza sauti akaanza kumkemea pepo anayewazuia wake wasiwape waume haki yao. Kanisa zima likajua! Mama mkwe alikuwa benchi la mbele. Jumatatu nilipofika kazini, msichana mmoja akauliza kwa sauti kama Kufuli amefika. Jina hilo likanishika.

Niliyoyajua baadaye ni mabaya zaidi. Mama Shiru huyo huyo alikuwa akimwita Gitau pembeni na kumwambia kwamba mwanamke hujifunga kwa mume asiyempenda, kwamba lazima nina mwingine. Gitau akaanza kunitazama kama mgeni. Akawa anarudi amelewa. Kisha naye yakamkuta: hata hamu ilipomjia, mwili wake ulilegea. Akanunua unga fulani wa mitishamba pale stendi, moyo ukamwenda mbio hadi nikadhani ananifia mikononi. Watu wawili tuliopendana, kila mmoja anakiogopa kitanda!

Mwishowe Gitau aliniacha, na hakwenda mbali. Mama Shiru alikuwa na binti wa dada yake, na kwa muda wote huo alikuwa akimwalika huyo binti chai nyumbani kwake siku ambazo Gitau yupo... Mwanamke aliyesimama kando yangu nikila kiapo ndiye aliyemtafutia mume wangu mke mwingine! Kuna dhambi gani kubwa kuliko hiyo?

Kilichonipeleka kwa daktari hakikuwa akili yangu. Kazini walikuja wauguzi kuwapima akina mama saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi aliponigusa na chombo chake, nilibana miguu nikalia. Nikangoja kugombezwa. Akakiweka chini, akaniuliza, "Dada, hata nyumbani huwa hivi?" Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza badala ya kuniambia.

Akanituma Nakuru kwa mwanasaikolojia, mwanamke wa rika langu. Huyo aliniuliza mambo ambayo sikuwahi kuyatamka... kama kuna mtu aliyewahi kunidhuru, nilifundishwa nini kuhusu wanaume. Hakuna aliyenidhuru. Ila tangu nivunje ungo mama alinionya kwamba mwanaume hurarua, na siku ya kuniaga kabla ya harusi shangazi zangu walinisimulia uchungu huo wakichekelea. Daktari huyo akasema misuli yangu ilijifunza kujikaza yenyewe kwa hofu, bila ruhusa yangu. Ni ugonjwa unaojulikana, unaitwa vajinismasi, na unatibika. Unatibika! Nililia mpaka akaahirisha mgonjwa aliyefuata.

Alinifundisha kupumua, kulegeza misuli, kuujua mwili wangu mwenyewe, kisha kutumia vijiti laini vya plastiki vya kuuzoeza mwili, kuanzia chembamba kabisa, nyumbani, kwa mwendo wangu. Akasema ingefaa zaidi mume awepo. Nikampigia Gitau, na alikuja akiwa na koti lake la kazi.

Daktari alimweleza yote. Akamwambia kwamba hata kulegea kwake huenda kulitokana na hofu na pombe, ila apimwe presha na sukari pia. Gitau akanigeukia mimi.

"Kwani ulikuwa unanitaka?"

Nikasema ndiyo.

"Hiyo miaka yote?"

Nikasema yote. Akainama akalia kama mtu aliyefiwa, na mimi mjinga nikaanza kutumaini. Tulipotoka nje ndipo akaniambia kwamba yule binti ana mimba ya miezi saba, na mahari imeshapelekwa.

Niliendelea na matibabu peke yangu. Nimepona. Siku daktari aliponipongeza nilimshukuru, nikarudi Kihoto, nikapika chai ya mtu mmoja.

Dada yangu unayejificha bafuni kulia, mwili wako haujalaaniwa! Nenda hospitali kabla hujamwambia jirani, kabla hujamwambia hata mama yako. Kaka, mwili ukikugomea usikimbilie unga wa stendi. Na ninyi mnaosimamia ndoa za watu, nawaomba kwa magoti... mkiletewa jambo msilolielewa, semeni hamjui. Ni neno dogo tu. Mama Shiru angelisema siku ile, leo ningekuwa na mume.