Kopo la Msumarini

"Mtu mmoja tu, Fondo. Mtu mmoja akinikwepa, saa kumi na moja unanipakia kwenye lori narudi zangu kambini. Na wewe unaoa."

"Tumekubaliana. Sasa shuka basi, dereva anatungoja."

Sidi akashuka. Mkono wa kulia amemshika mumewe, wa kushoto ameufutika ndani ya leso. Lori la hospitali likawaacha penye njia panda ya Ramisi, asubuhi ya Jumamosi, siku ya sherehe za kwanza za Jamhuri. Mji mzima ulikuwa nje. Wakata miwa walikuwa wamevaa mashati meupe mpaka huwatambui.

Miaka miwili na miezi minne Sidi alikuwa Msambweni, kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma. Daktari alikwisha kumwambia amepona, hana cha kumwambukiza mtu. Kilichobaki ni vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyojikunja vikakataa kunyooka. Lakini wengi waliopona walibaki palepale kambini, wakalima, wakazeeka, kwa kuogopa macho ya watu. Sidi naye alikuwa ameamua hivyo. Alimwandikisha karani barua:

"Fondo, nimepona lakini sirudi. Oa. Sina kinyongo."

Jibu lilikuja wiki hiyo hiyo, kwa mwandiko wa Fondo mwenyewe, ambao Mungu amsamehe aliyemfundisha:

"Sioi. Njoo Jumamosi moja tu tutembee madukani kama zamani. Ukitaka kurudi, nitakurudisha mwenyewe."

Kama zamani! Kabla ya ugonjwa, Jumamosi ya hawa wawili ilikuwa haiguswi. Fondo akitoka kwenye miwa anaoga, anamchukua mkewe, wanazunguka duka hadi duka. Wanapapasa vitambaa, wananusa sabuni, wanaulizia habari za wagonjwa na wajawazito, kisha wanamalizia kwa chai na mahamri. Mara nyingi walirudi nyumbani mikono mitupu. Watu waliwacheka, nao walikuwa hawana habari.

Duka la kwanza lilikuwa la Maweu, fundi cherehani aliyetoka Ukambani akaweka mashine yake barazani. Mtu wa maneno mengi, hata akiwa na pini mdomoni.

"Shemeji Sidi! Karibu, karibu! Huyu bwana ameniletea kitambaa tangu mwezi wa nane. Anataka gauni. Nikamwambia, mimi sishoni gauni la hewa, mlete mwenyewe nimwone."

Akavua utepe wa kupimia shingoni. Sidi akasogea. Maweu akampa Fondo ule utepe.

"Mpime wewe."

Sidi akarudi nyuma hatua moja.

"Umeona," akamnong'oneza mumewe. "Hata saa tatu haijafika."

"Nimeona nini?"

"Hataki kunigusa."

Maweu alisikia. Akatema pini zote kiganjani.

"Hapana, shemeji! Hapana kabisa! Mimi sipimi mke wa mtu, uliza Ramisi nzima. Nikishika kiuno cha mke wa mtu, Kalondu atanilaza na njaa mwezi mzima. Kalondu! Njoo huku uniokoe!"

Kalondu akatoka ndani akifuta mikono, mama wa kifua na sauti. Hakuuliza kitu. Alimkumbatia Sidi mpaka leso ikamwanguka begani, halafu akamnyang'anya Fondo utepe.

"Nyoosha mkono. Na huo mwingine?"

"Huu una kasoro, dada."

"Nitapimaje mkono uliojificha? Ulete."

Sidi akautoa. Kalondu akaushika, akapima kutoka begani mpaka kwenye kifundo, akamsomea mumewe hesabu yake, na vile vidole hakuvitazama mara mbili. Sidi alitaka kulia. Akasema tu, "Ahsante, dada." Akasema tena, "Ahsante."

"Gauni Jumamosi ijayo," Maweu akatangaza.

"Jumamosi ijayo sitakuwepo."

Fondo akainamisha kichwa. Maweu akaandika Jumamosi ijayo vilevile, kwa herufi kubwa.

Wakaendelea. Kwa Thoya, muuza mikeka, walibishana kwa nusu saa juu ya mkeka ambao hawakuwa na nia ya kuununua, na Thoya mwenyewe akafurahia ubishi. Kwenye duka la vitambaa Sidi alitandaziwa leso saba, akazisoma maneno moja baada ya nyingine, akacheka. Fondo alipousikia ule mcheko alisimama mlangoni akajifanya anatazama barabara, kwa sababu macho yalikuwa yamemlowa.

"Chai?" akauliza.

Mcheko ukakatika.

"Kwa Bi Dama?"

"Kuna kwingine?"

"Fondo, si kule."

"Tulisema kama zamani."

Sasa, kuna jambo lililotokea katika mkahawa wa Bi Dama. Mabaka ya Sidi yalipoanza kuonekana, Jumamosi moja Bi Dama alimletea Fondo chai kwa kikombe, na Sidi akaletewa kopo la bati, lenye mpini wa waya. Akanywa yote, macho chini. Alipomaliza, Bi Dama alilishika lile kopo kwa kitambaa, akalitundika nje, kwenye msumari wa mlangoni, mbali na vyombo vya watu. Kesho yake alfajiri Sidi alikwenda hospitali mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu.

Walipokata kona, jicho lake lilikwenda moja kwa moja mlangoni. Kopo lilikuwepo palepale, msumari uleule.

"Nirudishe," akasema.

"Sidi, subiri kwanza..."

"Miaka miwili, Fondo! Miaka miwili na bado wameniwekea! Tulikubaliana. Nirudishe kambini sasa hivi."

Alikuwa amekwisha kugeuka. Bi Dama akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Sidi! Usiende, mwanangu! Hilo si lako."

Sidi akasimama. Adabu ni adabu, hata ukiwa umeumizwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo kopo si lako. Ni la mumeo."

"La Fondo? Kwani anaumwa?"

"Hata mafua hana. Wewe ulipoondoka, Jumamosi ya pili akaja peke yake. Nikamletea kikombe, akakisukuma. Akasema, nipe lile kopo. Nikamwambia, Fondo, wewe u mzima. Akanijibu, aliyenywea humo ni mke wangu. Siku atakapopewa kikombe hapa, na mimi nitanywea kikombe."

Sidi akamgeukia mumewe.

"Jumamosi ngapi?"

"Zote," akajibu Bi Dama. "Watu wakamcheka, akanywa. Wengine wakahama meza, akanywa. Siku moja Maweu naye akasema, leo zamu yangu, nipe hilo kopo. Nikaona aibu, Sidi. Wallahi niliona aibu. Nikataka kulitupa, mumeo akanikatalia. Akasema, utalishusha siku atakayorudi mke wangu."

"Kwa nini hukuniambia?" Sidi akamuuliza Fondo.

Fondo akajikuna kisogo.

"Ningekwambia nini? Chai ilikuwa tamu. Ila bati linaunguza midomo."

Sidi akacheka na kulia kwa pamoja. Bi Dama akanyoosha mkono, akaling'oa lile kopo msumarini.

"Nisamehe, mwanangu. Niliogopa ugonjwa, nikakufanya takataka mbele ya mumeo. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Ahsante kwa kulisema kwa mdomo wako."

Wakaingia. Vikatoka vikombe viwili vya maua, vile vinavyokaa kabatini kwa ajili ya wageni wa harusi. Fondo alivuta funda la kwanza akafumba macho.

Alasiri wakaenda uwanjani. Palikuwa na ngoma, mbio za magunia, na mwisho yakaitishwa mashindano ya kuvuta kamba: wanawake wa kiwanda cha sukari dhidi ya wanawake wa madukani. Kalondu akaja akihema.

"Sidi, tumepungukiwa na mmoja!"

"Mimi si wa madukani, dada."

"Jumamosi zote za maisha yako uko madukani! Njoo!"

"Mkono wangu haushiki vizuri."

"Basi kaa mwisho. Wa mwisho anafungwa kamba kiunoni, anakaza miguu tu," akasema Bi Dama, na hapo hapo akaanza kumfunga mwenyewe.

Firimbi ikalia. Wakavuta. Sidi akachimba visigino mchangani, akapiga kelele ambazo Fondo hakuwahi kuzisikia hata siku ya ndoa yao. Na wakashindwa! Wakashindwa vibaya, wakaburutwa, wakaanguka lundo moja, Kalondu juu ya Sidi, Bi Dama juu ya Kalondu, mikono na miguu imesokotana, wote wanacheka kwa vumbi mdomoni. Hakuna aliyefanya haraka kuinuka.

Fondo akaja mbio.

"Sidi! Umeumia?"

"Sijaumia."

Kule njia panda lori likapiga honi. Saa kumi na moja. Fondo akatazama njia panda.

"Lori limefika. Nilikuahidi. Ukitaka, nitakupeleka."

Sidi akajitoa chini ya Kalondu, akaketi. Leso ilikuwa mbali, mkono wa kushoto uko wazi, na hakuutafutia pa kuuficha. Akaunyoosha kwa mumewe.

"Nina gauni kwa Maweu," akasema. "Mwenye gauni anaondokaje kabla ya Jumamosi?"

Honi ikalia mara ya pili, kisha lori likaenda zake. Fondo akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akamwinua mkewe.

"Ahsante, mume wangu," Sidi akamwambia. "Kwa kila Jumamosi."

Kopo waliliomba kwa Bi Dama wakaenda nalo nyumbani. Likakaa juu ya mtungi, likawa la kutekea maji, na kila mgeni aliyefika na kiu alinywea humo.