Saini ya Kidole

Mama Pacha alikuwa fundi wa mapazia. Kutwa nzima mdomo wake ulibana pini, na mumewe alisema hiyo ndiyo saa pekee ya amani nyumbani.

Siku hiyo pini alizitoa haraka. Meneja wa ukumbi wa harusi alikuwa kwenye simu.

"Mama, tumeghairi. Mapazia hatuyataki tena."

"Nimeshakata kitambaa! Na mkataba wetu?"

"Mkataba gani? Si tulisaini kwenye simu tu?" Akakata.

Mama Pacha aliweka simu chini. Mapazia yale yalikatwa kwa madirisha marefu ya ukumbi. Kwenye nyumba ya mtu yasingefaa. Mtaji wake wote ulikuwa pale mezani.

"Nilikwambia," alisema Baba Pacha. "Saini bila wino ni mchezo wa watoto."

Kwa sababu ya maneno hayo, walikimbilia kuuchapisha mkataba. Mama Pacha akapitisha kalamu juu ya saini zote mbili, yake na ya meneja, akagonga na muhuri wa kibanda chake. Aliona sasa umeiva.

Wakampelekea jirani yao, karani wa mahakama, aliyekuwa akianua nguo.

"Hee! Nani kaichora saini ya meneja?"

"Mimi, dada. Nimeikoleza tu."

"Umeharibu! Saini ya mtu haiguswi. Ule wa kwenye simu uko wapi?"

"Upo. Nilitaka kuufuta, simu imejaa."

"Usithubutu!" Karani akaketi kizingitini, akaufungua. "Huu ndio mkataba wenyewe. Tazama: majina yenu, tarehe, na hapa panaonyesha kila mmoja alithibitisha kwa namba ya siri aliyotumiwa. Sheria yetu inaikubali saini hii. Haiulizi wino. Inauliza: ni wewe uliyesaini? Ulikubali kwa hiari? Maandishi hayajabadilishwa?"

"Basi hata wosia wangu nitausaini kwa kidole," alisema Baba Pacha.

"Polepole, shemeji. Wosia na mambo ya ardhi mara nyingi yana masharti yake. Uliza kwanza. Na namba ya siri usimpe mtu, hata mkeo."

"Hapo sasa umesema!"

Mama Pacha alicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akasoma mkataba wote. Uliandikwa wazi: mteja akighairi baada ya kitambaa kukatwa, atalipia kitambaa na kazi. Akamtumia meneja mkataba ule, akampigia.

Meneja alishusha sauti. "Nimeuona, mama. Basi malizia. Afadhali nilipe nipate mapazia."

Mapazia yakatundikwa, ukumbi ukapendeza. Meneja mwenyewe akataka na vitambaa vya viti, akamnyooshea simu.

"Weka kidole hapa, mama, tumalize."

"Subiri, mwanangu," alisema Mama Pacha. Akavuta kiti, akaanza kusoma mstari wa kwanza.