Saruji Iliyolala

Fundi Chapuchapu alikuwa akivaa viatu huku anatembea. Mkewe alisema kwamba hata usingizi analala mbio mbio. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, na halikuwa la uongo. Alikuwa mwashi. Katika kupanga matofali, hakuna aliyemkaribia. Wenzake wakifika kiunoni, ukuta wake umeshamfika kifuani.

"Simama kwanza, baba watoto," mkewe alimwambia asubuhi ile. Alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa mlangoni, penye mwanga. "Leo saruji ipo?"

"Itakuwepo."

"Juzi ulisema itakuwepo. Ukarudi mikono mitupu. Mwenye nyumba ameshaanza kupita hapa kusalimia. Na yule hasalimii bure."

"Mwambie mume wangu ana mikono miwili, na yote ni mizima."

"Mikono ninaiona. Saruji ndiyo siioni."

Chapuchapu akacheka, akashika njia. Lakini moyoni hakuwa anacheka.

Yeye na wenzake walikuwa wanajenga wodi ya kina mama wanaojifungua. Kazi ilikuwa nzuri na eneo lilikuwa safi. Tatizo lilikuwa moja tu: saruji ilikuwa adimu kila mahali. Malori yalichelewa njiani. Madukani bei ilipanda kila ukigeuza shingo. Siku nyingine lori liliingia asubuhi, siku nyingine jioni, siku nyingine halikuonekana kabisa.

Na waashi walilipwa kwa ukuta. Ukijenga sana, unalipwa sana. Usipojenga, hulipwi. Siku ya saruji mambo yalikuwa matamu. Siku isiyo na saruji, unakaa juu ya rundo la matofali tangu asubuhi, unahesabu ndege. Kuondoka huruhusiwi, maana lori linaweza kuingia wakati wowote. Jioni unarudi nyumbani na vumbi lako.

Mchana wa siku hiyo walikaa kivulini kupumzika. Mama Mashine alikuja na kikombe chake cha maji. Huyu alikuwa mwanamke mwenye sauti nene, maana kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kuchanganya zege, na ukitaka kusikika penye mashine ile lazima uwe na koo. Tena alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa ujenzi pale kazini.

"Jamani, kesho kutwa tunakutana na Bosi," alisema. Bosi ndiye mkandarasi aliyewaajiri. "Tunataka siku za kungoja saruji zilipwe. Wewe Chapuchapu, bado tu hujajiunga na chama?"

"Mama, mniache. Chama ni michango na maneno. Mimi nalipwa kwa ukuta. Nikiingia chama chenu, mtaniweka kundi moja na huyu hapa, tulipwe sawa."

Alimwonyesha kidole fundi aliyeketi karibu naye. Huyo walimwita Taratibu. Alikuwa mwashi wa makamo, mpole, na kila tofali alilipima kama anampima mtoto nguo.

"Mimi ninajenga kuta," Taratibu akajibu bila kuinua macho. "Wewe unafanya mashindano."

Watu wakacheka. Chapuchapu naye akacheka, lakini maneno yale yalimchoma.

Jioni ilipofika, mchanganyiko wa saruji na mchanga ulikuwa umebaki kwenye sinia lake la kazi. Ulikuwa mwingi. Kawaida yake masalio hutupwa. Chapuchapu akaangalia huku na huku. Akachukua gunia, akalilowesha maji, akafunika.

Kesho yake lori halikuja. Wenzake wote wakapanda juu ya rundo la matofali, kama kawaida. Chapuchapu akafunua gunia lake. Mchanganyiko ulikuwa umeanza kuwa mgumu. Akauponda kwa koleo, akamwaga maji, akakoroga. Ukalainika. Ukang'aa kama mpya. Akaanza kujenga.

"Umeitoa wapi hiyo saruji?" mmoja akauliza.

"Mwenye akili hakosi saruji. Nyinyi endeleeni na mkutano wenu wa ndege."

Akafanya hivyo siku hiyo, na siku nyingine tena lori lilipochelewa. Kila jioni anafunika masalio, kila asubuhi anayaamsha. Ukuta kati ya chumba cha kujifungulia na chumba cha kupumzikia ukapanda karibu wote kwa saruji hiyo. Bosi alipita, akampiga bega. "Hawa wenzako wangekuwa kama wewe, tungekuwa tumeshaezeka."

Nyumbani mkewe alipokea malipo, akatabasamu. Mwenye nyumba akaacha kusalimia kwa siku kadhaa.

Basi mkutano na Bosi ukaahirishwa kidogo, maana alikuwa safarini kutafuta saruji. Asubuhi moja Mama Mashine alikuwa anapita na ndoo. Akaegemea ukuta ule wa ndani ili avute pumzi. Ghafla akasimama wima. Akaweka ndoo chini. Akaita kwa sauti ndogo, na yeye hakuwa mtu wa sauti ndogo.

"Chapuchapu. Njoo hapa, mdogo wangu."

Alishika tofali la juu kwa vidole. Akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Haujakauka," Chapuchapu akasema upesi. "Ni mpya."

"Ule wa Taratibu pale ulijengwa wiki hiyo hiyo. Nenda kausukume."

Chapuchapu akaenda, akausukuma kwa bega. Ukuta haukujua hata kama kuna mtu. Akarudi. Akakwangua saruji yake kwa ukucha, ikamwagika kama unga.

"Umejenga kwa saruji iliyolala," Mama Mashine akasema.

"Niliongeza maji. Ililainika vizuri tu."

"Sikiliza. Saruji ikishakutana na maji, kazi yake imeanza. Inashikana yenyewe, hata ukiifunika kwa gunia. Una saa mbili hivi za kuitumia, na jua likiwa kali ni pungufu ya hapo. Ikishashikana mara moja, basi. Ukiivunja na kuongeza maji, inalainika, lakini nguvu imekwenda zake. Yai ukishalichemsha, utaliloweka mpaka lini liwe bichi tena?"

Chapuchapu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kitu chochote.

"Utaniripoti?"

"Mimi si askari. Lakini upande huu wa ukuta atalala mzazi, na kitoto cha jana."

"Nikisema, Bosi atanifukuza. Na malipo ya ukuta huu atayachukua. Nina kodi, mama. Nina watoto."

"Ukienda peke yako, kweli atakufukuza. Mtu mmoja ni rahisi kumwonyesha mlango. Ndiyo maana ya chama. Si michango na maneno. Tunachagua watu wetu wenyewe, wanakaa na mwajiri, wanasema kwa niaba ya wote. Na hatuanzi na mgomo. Tunaanza na kiti na meza. Sasa niambie ukweli: ungelipwa siku ile ya kungoja, ungefunika masalio?"

Chapuchapu akafikiri. "Ningeyatupa. Nani anapenda kuponda saruji ngumu?"

"Basi hayo hayo mwambie Bosi."

Jioni akamweleza mkewe yote. Alitegemea atalia kuhusu kodi. Mkewe akazima cherehani, akamtazama.

"Mimi nikishona vibaya, mteja ananirudishia gauni," alisema. "Ukuta wako atakurudishia nani? Nenda kaseme. Mwenye nyumba niachie mimi, namjua anavyopenda kushonewa shati."

Siku ya mkutano ikafika. Bosi alikaa ofisini kwake, kibanda cha mabati chenye meza na viti vya plastiki. Mama Mashine na Taratibu waliingia kama wawakilishi wa chama. Chapuchapu akaingia nyuma yao. Alikuwa amejiunga asubuhi hiyo hiyo. Mafundi wengine walisimama nje, masikio dirishani.

Mama Mashine akaeleza ombi lao. Bosi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mikono.

"Saruji siizai mimi," alisema. "Nimezunguka wiki nzima naitafuta. Naipata kwa bei ya kuruka. Sasa na siku ambayo hakuna kazi niwalipe? Mtu akae kivulini, nimlipe kwa kivuli? Nitafunga kazi, na sote tutakosa."

Hayo hayakuwa maneno ya kipuuzi, na wote walijua.

Chapuchapu akainuka.

"Bosi, njoo nikuonyeshe kitu."

Akatangulia. Bosi akafuata, na mafundi wote nyuma yao. Wakafika kwenye ukuta wa ndani. Chapuchapu akanyoosha mkono, akashika tofali la juu, akaling'oa kama anachukua mkate kwenye rafu. Akaliweka chini. Akang'oa la pili. Akang'oa la tatu.

"Ukuta huu nimeujenga mimi," akasema. "Siku saruji haikuwepo, nilijenga kwa saruji iliyolala, kwa sababu nisipojenga silipwi. Ulinisifu, Bosi. Ulinipiga bega hapa hapa. Lazima ubomolewe wote. Piga hesabu sasa: saruji iliyopotea, matofali yaliyoharibika, siku zilizokwenda. Halafu pima na malipo ya siku chache za kungoja. Kipi ni ghali?"

Uso wa Bosi ukaiva. "Ghali ni wewe. Chukua vifaa vyako, toka. Na malipo ya huu ukuta sahau."

Chapuchapu akainama kuchukua pima maji yake. Alijua mapema kwamba itakuwa hivi.

Ndipo Taratibu akasogea, polepole kama kawaida yake, akasimama kando yake.

"Kijana huyu amenitania tangu siku ya kwanza," akasema. "Sina deni naye la huruma. Lakini Bosi, ukimfukuza aliyesema, nani mwingine atakwambia? Kesho mwashi mwingine atafunika gunia lake, na atanyamaza. Utajua siku ukuta umemwangukia mzazi."

"Na mimi mashine yangu leo haichanganyi mpaka tumalize mazungumzo haya," Mama Mashine akaongeza. "Tena bila kelele. Twende mezani."

Mmoja baada ya mwingine, mafundi wakaweka miiko yao ya kujengea chini. Hakuna aliyepiga kelele. Bosi akawatazama. Akautazama ukuta. Akabonyeza tofali moja kwa kidole gumba, likarudi nyuma. Akatoa leso akajifuta shingo.

"Leteni viti," akasema.

Walikaa mpaka chakula cha mchana kikapoa. Bosi alivuta huku, Mama Mashine akavuta kule. Mwishowe wakakubaliana, wakaandika, wakatia sahihi. Siku yenye saruji, waashi watalipwa kwa ukuta kama zamani, ili mwenye mkono mwepesi asidhulumiwe. Siku isiyo na saruji, kila mtu atalipwa posho ya kutwa. Hapo ndipo Bosi alipopata haki yake naye: siku hiyo hawatakaa kivulini. Watachekecha mchanga, watafunga nondo, watasimamisha majukwaa, watamwagilia maji kuta mpya zisipasuke. Kazi hizo zilikuwa zimelala kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyelipwa kuzifanya.

Tena wakakubaliana kwamba mifuko ikipungua stoo, Bosi aambiwe mapema aagize, badala ya kungoja iishe kabisa. Na masalio ya jioni yatupwe, mwisho wa habari. Kila mtu achanganye kidogo kidogo, kwa kadiri anayoweza kumaliza.

Na Chapuchapu? Alibaki. Ukuta aliubomoa mwenyewe na kuujenga upya bila malipo ya mikono yake. Saruji ilikuwa ya Bosi. Kodi mwezi ule ilichelewa, na mwenye nyumba akapata shati la mikono mirefu.

Lori lilichelewa tena mara nyingi. Lakini sasa ukipita pale siku isiyo na saruji, huoni mtu juu ya rundo la matofali. Unasikia mchanga ukipita kwenye chekeche na watu wakitaniana. Saruji ilipoingia, nondo zilikuwa zimefungwa, majukwaa yamesimama, na kazi ikaenda mbio kuliko zamani. Mkaguzi alipokuja, alipiga ukuta ule wa ndani kwa nyundo. Nyundo ikaruka. Akapiga tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda chumba kingine. Wodi ikaezekwa kabla ya mvua.

Wiki chache baadaye, gari la Bosi likasimama mbele ya nyumba ya Chapuchapu. Bosi akashuka mwenyewe, akabisha hodi.

"Nimepata kazi ya ghorofa," alimwambia mke wa Chapuchapu. "Namtaka mumeo na wenzake wote. Nataka makubaliano yawe yale yale. Mara hii nimemaliza kazi bila kubomoa kitu zaidi ya ukuta mmoja. Haijawahi kunitokea."

Chapuchapu alikuwa uani, alishasikia. Alitaka kutoka mbio aseme ndiyo. Mkewe akamzuia kwa jicho.

"Karibu ndani, Bosi," akasema. "Ila siku hizi mume wangu haongei peke yake. Kaa kidogo, tuwaite wenzake."

Bosi akakaa. Mama Mashine aliishi mbali, na Taratibu hajawahi kufika popote upesi. Jua likasogea ukutani. Bosi akatazama saa yake, akatazama mlango.

"Usijali, Bosi," mke wa Chapuchapu akamwambia, akimwekea chai mezani. "Hapa kwetu kungoja kunalipwa."