Saa ya Miji Ishirini na Minne

Mvua ya mawe iligonga kioo cha Subaru. Maxine Awuor hakupunguza mwendo.

Mbele yake Land Cruiser nyeupe iliteleza kwenye matope ya barabara ya Kabianga. Chai kulia, chai kushoto.

Aliipita kwenye kona. Akafunga njia.

Brandt alishuka mikono juu, akitabasamu. Mpanda milima maarufu, mgeni aliyeishi nchini hadi akajua kutukana kwa Kiswahili. Idara ya ujasusi, mwajiri wa Maxine, ilijua ameiba namba za siri za kituo kinachoongoza umeme wa nchi. Mnunuzi wake akizipata, Kenya ingezimwa kama mshumaa, na hospitali zake na viwanja vyake vya ndege.

Maxine alipekua. Kamba, viatu, kompyuta. Hata dawa ya meno aliikamua yote. Brandt akamwonyesha kwa madaha saa yake ya Orvane, ya wapanda milima: kilele cha dhahabu katikati, na pembeni duara la miji ishirini na minne, yenye kusoma majira ya dunia nzima kwa mpigo mmoja. Bei yake ingenunua shamba la chai Roret.

Hakuna kitu.

Ilikuwa mara ya tatu kumpekua mtu huyu na kutoka mikono mitupu. Hasira zilimpanda hadi masikio yakawaka.

Simu ikalia. Ni Kinuthia, mkuu wake, kutoka Nairobi. Ubalozi wa kwao Brandt umelalamika, alisema. Amwachilie huyo bwana na amwombe msamaha.

"Mkuu, anazo. Akipanda ndege, tumeisha."

"Umepata nini?"

Maxine aliitazama mizigo iliyotapakaa matopeni.

"Basi mwachilie, Awuor."

Alimrudishia mizigo. Msamaha hakuwa tayari kuutoa. Ili asiutamke, akamuuliza ni saa ngapi, aandike kwenye ripoti.

Brandt akachomoa simu mfukoni, akaitazama.

"Kumi na dakika tano," alisema. Akawasha gari, akaenda zake.

Maxine alibaki matopeni akiilaani kazi, mvua na siku aliyoapishwa. Kisha laana ikamkatikia mdomoni.

Mtu mwenye saa ya dunia nzima mkononi, ameuliza simu.

Saa haitembei. Imetolewa matumbo, ikatiwa kitu kingine.

Alimpigia Kinuthia. Simu haikupokelewa. Akapiga tena, vilevile.

"Sawa," alijiambia. "Nitafukuzwa kesho."

Aliikanyaga Subaru. Trekta la majani mabichi ya chai likamzibia njia mlimani, likijikokota. Alipiga honi mpaka mkono ukamuuma, kisha akapita ukingoni, gurudumu moja likining'inia juu ya mtaro.

Kwenye kiwanja kidogo cha ndege, alikojua Brandt anaelekea, ndege ya Cessna ilikuwa tayari inazungusha pangaboi. Maxine aliingiza gari katikati ya njia yake. Rubani akakata kona kwa hofu, magurudumu yakazama kwenye tope, injini ikakohoa na kuzima.

Brandt aliruka nje na bastola. Risasi moja ikapasua taa ya Subaru. Kisha akakimbilia kwenye chai.

Hapo alikosea.

Alikuwa amepanda milima ya barafu, lakini michai iliyoshikana matawi haipitiki kwa pupa. Ilimfunga miguu. Maxine, aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, aliinama akafuata kijia cha wachumaji, akatokea nyuma yake. Bastola yake ya Glock ikagusa kisogo.

"Tupa."

Akatupa.

Alimfunga pingu, akamvua saa, akang'oa mfuniko wa nyuma kwa kisu. Ndani hamkuwa na gurudumu hata moja. Kulikuwa na chipu nyeusi ya kuhifadhia data, ndogo kuliko punje ya mtama.

Sasa Kinuthia akapiga. Maxine alimweleza. Kisha mkuu akasema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na mtu yule, na kwamba taarifa kwa wakubwa ataiandika mwenyewe.

"Na ubalozi, Mkuu? Bado niwaombe msamaha?"

Kinuthia alikata simu.

Maxine alimkabidhi Brandt kwa polisi waliofika wamechelewa. Akaitia chipu mfukoni aipeleke Nairobi mwenyewe, akafunga zipu, akaiacha Subaru iliyokwama topeni na kushika njia ya barabarani kwa miguu, suruali ikiwa tope hadi magotini. Ng'ambo ya bonde taa za kiwanda cha chai ziliwaka kama kila jioni, safu moja baada ya nyingine.

Hakugeuka kuzitazama.